Watazamaji Laki, Mfuko Mtupu: Jinsi ya Kulipwa kwa Video Zako

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wasomaji ni hili: "YouTube inalipa shilingi ngapi kwa watazamaji elfu moja?" Wengine huliuliza kwa malalamiko. Video imetazamwa mara laki moja, mbona hela haionekani?

Jibu fupi ni kwamba bei hiyo haipo. YouTube hailipi kwa sababu umetazamwa. Inagawana nawe pesa ya tangazo lililoonekana kwenye video yako. Video isiyopata tangazo haikuletei kitu hapo, hata ikitazamwa na nusu ya Dar es Salaam. Na tangazo analoonyeshwa mtu wa Mwanza au Nakuru kwa kawaida huuzwa bei ndogo kuliko analoonyeshwa mtu wa Houston au London.

Jibu refu ndilo makala hii. Nimemwandikia mtu mwenye chaneli tayari, anayerekodi kwa simu, mwenye wafuasi mia kadhaa au elfu kadhaa, anayetaka kazi hii imlipie kwanza bando, kisha kodi ya nyumba. Msimamo wangu nausema mapema: hela ya matangazo ichukulie kama nyongeza. Kipato cha kupangia bajeti kitoke kwa watu wachache wanaokuamini kiasi cha kukulipa wenyewe.

## Masharti ya YouTube, bila chumvi

Tangu 2018 masharti ya kupata mgawo wa matangazo hayajabadilika sana: wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Anayetegemea video fupi za Shorts anahitaji wafuasi haohao 1,000 na kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90.

Mwaka 2023 ukaongezwa mlango mdogo: wafuasi 500, video tatu za hadharani ndani ya siku 90, na saa 3,000 kwa mwaka au Shorts zilizotazamwa mara milioni 3 ndani ya siku 90. Mlango huu haukupi mgawo wa matangazo. Unakufungulia uanachama wa kulipia, Super Chat wakati wa laivu na Super Thanks chini ya video, kama nchi yako imo kwenye orodha. Fungua YouTube Studio uangalie sehemu ya mapato. Kilichoruhusiwa kwako utakiona hapo.

Saa 4,000 zinatisha mpaka uzipigie hesabu. Ni dakika 240,000. Mtazamaji wako wa kawaida akikaa dakika 4, unahitaji kutazamwa mara 60,000. Akikaa dakika 8, mara 30,000 zinatosha. Kwa hiyo kabla hujaongeza idadi ya video, ongeza muda ambao mtu anakaa. Ule utangulizi wa dakika nzima wa "karibuni tena kwenye chaneli yetu pendwa, usisahau kubonyeza kengele" unakula saa zako. Ufute leo.

Visivyohesabiwa kwenye zile saa 4,000:

- Muda wa Shorts zinazotazamwa kwenye mtiririko wake.
- Video ulizoficha au kuzifuta.
- Watazamaji waliokuja kupitia tangazo ulilolipia.

Ukishafikisha, unaomba na chaneli inakaguliwa, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Ukikataliwa mara ya kwanza, unaweza kuomba tena baada ya siku 30, au kukata rufaa ndani ya siku 21. Usiombe tena na video zilezile zilizofanya ukataliwe. Soma sababu waliyotoa, ondoa tatizo, ndipo urudi.

## Hesabu ya matangazo

Kwenye video ndefu unabaki na asilimia 55 ya pesa ya matangazo. Kwenye Shorts ni asilimia 45 ya fungu lako baada ya kutolewa gharama za muziki. Kwenye uanachama, Super Chat na Super Thanks unapata asilimia 70.

Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Tuseme mkononi mwako inafika dola 1 kwa kila kutazamwa mara elfu moja. Video ya mara laki moja inakupa dola 100. Watu laki moja si mchezo, na wengi wetu hatuwafikishi kila mwezi. Sasa geuza upande wa pili: watu 100, kila mmoja akikulipa shilingi 5,000 za Tanzania kwa mwezi, ni shilingi 500,000. Watu mia wanajaa kwenye daladala chache. Unaweza kuwajua kwa majina.

Jambo moja dogo linalosahaulika: matangazo ya katikati ya video yanaruhusiwa kuanzia dakika 8. Lakini usiivute video ya dakika 5 ifike 8 kwa maneno matupu. Watu wataondoka, na tangazo la katikati litamkuta nani?

## Tengeneza njia ya pesa kabla pesa haijaja

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na hapa ndipo nakuomba usome taratibu. Mapato ya YouTube hupitia AdSense, mfumo wa malipo wa Google. Hatua zenyewe:

1. Jina. Fungua akaunti kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako na kwenye akaunti yako ya benki, herufi kwa herufi. Kama kitambulisho kinasema Mwanahamisi na wewe umeandika "Mwana Tamu TV", utakwama kwenye uhakiki. Jina la chaneli ni jambo jingine, wala halihusiki hapa.
2. Akaunti moja tu. Mtu mmoja, AdSense moja. Ukiwahi kuifungua zamani kwa ajili ya blogu ukaisahau, itafute hiyo kwanza.
3. Barua ya PIN. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma barua ya posta yenye namba ya siri. Ndiyo, barua ya karatasi. Andika S.L.P. ambayo kweli unaifikia: yako, ya ofisini, ya shule, ya msikiti au kanisa, kwa ruhusa ya wenyewe. Barua huchukua wiki kadhaa. Isipofika baada ya kuombwa mara kadhaa, utapewa nafasi ya kuthibitisha kwa kitambulisho. Ukikaa miezi minne bila kuingiza namba hiyo, matangazo yanazimwa.
4. Fomu ya kodi ya Marekani. Ijaze hata kama hujawahi kukanyaga Marekani. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo ukijaza unakatwa asilimia 30, lakini ya mapato yaliyotokana na watazamaji walioko Marekani tu. Usipojaza, unaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, hata ya mtazamaji wa Singida. Chukua dola 100 ambazo 20 kati yake zimetoka Marekani: aliyejaza anakatwa 6, asiyejaza anaweza kukatwa 24.
5. Benki. Malipo hutoka ukifikisha dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Chini ya hapo, hela inasubiri ijazane. Nenda benki yako uulize mambo matatu: namba ya SWIFT, ada ya kupokea fedha kutoka nje, na kama ni nafuu kuwa na akaunti ya dola. Ada hutofautiana sana baina ya benki, na kwa mtu anayepokea dola 100 tofauti hiyo inauma.

Una umri chini ya miaka 18? Mzazi au mlezi ndiye mwenye AdSense. Zungumzeni mapema, tena mbele ya mtu wa tatu, hela hizo ni za nani. Ugomvi wa namna hii ndani ya familia ni mbaya kuliko wa shamba.

## "Watu wetu hawalipii vitu vya mtandaoni"

Pingamizi hili nalisikia kila siku na silikubali. Watu haohao huchangia harusi ya mtoto wa jirani wa zamani, huchangia msiba wa mtu ambaye hawakuwahi kumwona, na hutuma pesa kwenye kikundi cha WhatsApp saa nne za usiku. Wanalipa. Hawalipi tu kwa ombi lisilo na sura.

Mchango wa harusi unafanikiwa kwa sababu zinazojulikana: kadi inasema ni kwa ajili ya nini, kuna kiwango, kuna tarehe ya mwisho, kuna mweka hazina, na majina ya waliotoa yanasomwa. Mtengeneza video akisema "nisapotini jamani, namba hiyo hapo chini" hajatimiza hata moja kati ya hayo. Badala yake sema: "Nataka kununua maikrofoni ili sauti isisumbue. Inauzwa shilingi 120,000. Tunakusanya mpaka Ijumaa ya tarehe 15. Jumamosi nitawaonyesha risiti." Halafu Jumamosi uonyeshe risiti kweli.

Na aibu ya kuomba? Aibu ipo pale unapoomba bila kutoa kitu. Ukiwa umemfundisha mtu kufuga kuku kwa mwaka mzima bure, kumwambia namna ya kukushika mkono si kuomba.

Kwa vitendo:

- Tumia Lipa Namba au Till, si namba yako binafsi. Namba binafsi inaanika jina lako kamili na simu yako kwa kila mtu, wakiwemo matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii".
- Iweke sehemu tatu: kwenye maelezo ya video, kwenye maoni ya kwanza uliyoyabandika juu, na kwenye skrini kwa sekunde kumi hivi. Soma kila tarakimu kwa sauti, kwani wengi wanasikiliza huku wanapika.
- Taja jina la mpokeaji litakalotokea. Mtu akiona jina asilolitarajia, anaghairi.
- Omba mara moja kwa video, baada ya kutoa kitu cha maana. Si mwanzoni.
- Shukuru kwa jina, isipokuwa kwa asiyetaka kutajwa. Kiasi usikitaje. Aliyetuma 1,000 asijione mdogo.
- Usichanganye hela. Ukichangisha kwa ajili ya mgonjwa, isipite kwenye namba ya chaneli hata kwa siku moja. Ipite kwa ndugu wa mgonjwa au hospitali moja kwa moja.

Mbona nasisitiza pesa za simu wakati YouTube ina kitufe chake cha uanachama? Kwa sababu kitufe hicho kwa kawaida kinahitaji kadi, na watazamaji wako wengi hawana. Wakenya tangu 2022 wanaweza kutengeneza kadi ya Visa ndani ya M-Pesa, lakini kumfundisha shangazi hatua zile kwa ajili ya mchango wa shilingi 200 ni kazi. Kitufe kiwashe kwa ajili ya wenye kadi. Lipa Namba iwe kwa ajili ya wengine.

## Uza kitu wanachokuuliza

Hisani ina mwisho. Biashara inaendelea. Fungua maoni ya video zako kumi za mwisho uandike maswali yanayojirudia. Hapo ndipo bidhaa yako ilipo.

Mwenye chaneli ya mapishi ataona watu wanauliza vipimo: auze kijitabu cha PDF cha mapishi 20 yenye vipimo vya kikombe na vya mzani. Fundi cherehani ataulizwa namna ya kukata: auze darasa la wiki nne kwenye WhatsApp, watu 25 tu, na kazi wanazotuma azisahihishe. Mfugaji ataulizwa vifaranga vinapatikana wapi. Hapo awe mwangalifu, maana akiuza vifaranga, kila kifaranga kitakachokufa kitarudi kwenye maoni.

Anza na kitu kimoja, na bei unayoweza kuitamka bila kumeza mate. Wauzie watu kumi wa kwanza kwa mkono, ukipokea pesa na kutuma faili mwenyewe, kabla hujalipia tovuti ya aina yoyote. Kumi wakikosekana, tovuti isingekusaidia.

PDF itasambazwa bure, hilo lijue. Darasa lenye masahihisho halisambazwi, kwa sababu masahihisho yako hayanakiliki. Ndiyo maana mimi nalipendelea darasa.

## Laivu, zawadi na ndugu wa ughaibuni

TikTok ina mpango wa kulipa video zenyewe kwa nchi teule, na hadi naandika haya Kenya na Tanzania si sehemu yake. Kinachofanya kazi huku ni zawadi za laivu. Kwa kawaida unahitaji wafuasi 1,000 ili kurusha laivu, na miaka 18 ili kupokea zawadi. Elewa tu kwamba mtazamaji ananunua sarafu, wewe unapata almasi, na karibu nusu ya thamani inabaki kwa kampuni. Mtu akikuuliza "nikutumie zawadi au nikutumie kwenye simu?", jibu unalo.

Kuhusu zile laivu za mashindano zinazokesha mpaka alfajiri watu wakipigiwa kelele watoe zawadi: zinaingiza hela, sikatai. Lakini mtazamaji aliyetumia mshahara wake usiku mmoja kwa ajili yako huamka na hasira, na hasira hiyo itakukuta wewe.

Ndugu walioko Muscat, Dubai, Minneapolis au Leicester ni kundi la pekee. Matangazo yao yana bei nzuri zaidi, wana kadi, na wana hamu ya nyumbani. Angalia takwimu za chaneli yako uone wako wapi. Kama ni wengi:

- Panga laivu kwa saa zao. Saa tatu usiku ya Dar es Salaam, Muscat ni saa nne usiku, na mashariki ya Marekani ni mchana.
- Taja njia ya kutuma wanayoijua, mathalani Remitly au WorldRemit kwenda kwenye simu yako.
- Ukitaka kupokea kwa PayPal, hakikisha kwanza kwamba akaunti ya nchi yako inaruhusiwa kupokea, siyo kutuma tu. Kenya inapokea, na tangu 2018 mtu anaweza kuhamishia M-Pesa.

Patreon, tovuti ambayo mashabiki humlipa mtengeneza kazi moja kwa moja, nayo ni njia. Aliyeianzisha mwaka 2013 pamoja na Sam Yam ni mwanamuziki Jack Conte, aliyekuwa ametumia maelfu ya dola kwenye video moja huku matangazo yakimpa mamia tu. Inafaa ukiwa na watu wa kadi. Kwa chaneli ambayo watazamaji wake wote wako Kahama, usijisumbue.

## Mdhamini akipiga simu

Duka la vitenge, chuo cha ufundi, kampuni ya pembejeo: hawa wa karibu hulipa mapema kuliko wakubwa. Mambo ya kushika:

- Makubaliano yaandikwe, hata kwa WhatsApp: video ngapi, lini, zitakaa muda gani, nani anaidhinisha.
- Nusu ya malipo kabla ya kurekodi. "Utapata umaarufu" haununui unga.
- Weka alama kwenye YouTube kwamba video ina udhamini, na useme kwa mdomo pia.
- Kataa "fursa" zinazoahidi faida ya haraka. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka DECI ya 2009, ule upatu wa Tanzania uliopoteza akiba za watu. Leo mipango ya namna ile haipiti tena kwenye vikao, inapita kwa watengeneza video. Hela zikipotea, sura inayokumbukwa ni yako.
- Barua pepe ya mdhamini usiyemjua yenye faili la kupakua usiifungue. Chaneli nyingi huibwa kwa njia hiyo. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo.

## Makosa yanayofunga chaneli

Muziki wa watu. Ukiweka Bongo Fleva chini ya video yako, mfumo wa Content ID unaweza kuutambua na mapato yakaenda kwa mwenye wimbo. Dhana kwamba sekunde kumi zinaruhusiwa ni uzushi. Ukipata maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90, chaneli inaondolewa.

Vipande vya mechi. Simba na Yanga zina watazamaji, najua. Haki za kuonyesha ligi yao ni za Azam Media. Chambua mechi kwa mdomo wako, tumia ubao, tumia karanga mezani ukitaka, picha za mechi waachie.

Kubofya matangazo yako mwenyewe, au kuwaambia jamaa wabofye. AdSense ikifungwa kwa sababu hii, kuirudisha ni shida kubwa.

Kununua wafuasi au chaneli "iliyoiva". Wafuasi wa kununua hawatazami, na asiyetazama hakuongezei hata dakika.

Kupotea. Ukikaa miezi sita bila kuweka chochote, YouTube inaweza kukuondolea malipo.

## Kodi na vibali

Sheria za Fedha za Kenya na Tanzania ziliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui wakazi. Mdhamini wa ndani anaweza kukukata hiyo. Dai cheti cha zuio, kwa kuwa hela hiyo imeshalipwa kwa jina lako. Chukua namba ya mlipakodi, yaani TIN ya TRA kwa Tanzania au PIN ya KRA kwa Kenya, na uandike kila kiingiacho kwenye daftari.

Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, zilizoandikwa upya 2020 na kurekebishwa baadaye. Anayetaka kurusha habari na matukio apite TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuulizia leseni kabla ya video ya kwanza, asingoje barua.

## Wiki hii fanya haya

Omba Lipa Namba au Till. Jaza fomu ya kodi kama una AdSense. Pitia maoni ya video zako kumi uandike swali moja linalojirudia zaidi, kisha rekodi video inayolijibu kikamilifu na mwishoni utaje kitu kimoja unachouza na bei yake. Usibadilishe kamera wala usinunue taa mpaka mtu wa kwanza awe amekulipa. Na wewe ambaye tayari umelipwa na watazamaji wako kwa njia ambayo sikuitaja, niandikie unaifanyaje, maana wenzako wanaiuliza.